Ndizi ya shosho imelala kwenye chupa

Kama una friji kejani, fanya hivi leo jioni. Chukua ndizi moja, iweke karibu na maziwa, kisha isahau kwa siku tatu. Ukija kufungua utapata ganda limegeuka kahawia, pengine jeusi kabisa, utadhani kuna mtu ameipiga rungu. Haijaoza. Baridi ndiyo imeimaliza. Mgomba ni mmea wa joto, na tunda lake likishuka chini ya digrii 13 hivi, ganda linaanza kuharibika.

Shika hiyo digrii 13, kwa sababu tutairudia. Maabarani mgomba hukua kwa raha kwenye digrii 25 hadi 28. Kati ya hizo mbili kuna mahali padogo ambapo mgomba haufi na pia haukui. Sawa, unakua, lakini pole pole mno, kama mtu aliyesinzia kwenye matatu na bado anashikilia mkoba wake. Kuna watu ambao kazi yao ya kila siku, ya kulipwa mshahara, ni kuhakikisha migomba inaendelea kusinzia hivyo.

Mimi mambo haya niliyaona kwa macho nikiwa chuoni, nikayasahau. Yalinirudia mwaka jana mwezi wa nne, shosho aliponipigia simu kutoka Murang'a. Sasa elewa, shosho hapigi simu. Yeye hupigiwa. Kwa hivyo nilipoona jina lake kwenye skrini nilisimama kabla ya kupokea.

“Ile ndizi yangu inakufa,” akasema. Hakunisalimia hata.

Ile ndizi yake haina jina ambalo ungelipata popote. Alipoolewa, mama yake alimpa chipukizi moja la mgomba lililofungwa kwa gunia bichi, akaenda nalo kwa mumewe. Kutoka hilo moja ndiyo ikatoka migomba yote niliyoijua nikiwa mdogo. Ndizi zenyewe ni fupi, nene, ganda gumu. Zikiwa mbichi zinaingia kwenye mukimo, zikiiva zina utamu wenye uchachu kidogo. Sisi wajukuu tuliziita “za shosho”. Majirani nao walisema “za kwa mama fulani”. Basi, hayo ndiyo majina yake yote.

Miaka ikapita, shamba likagawanywa. Anko mmoja aling'oa akapanda parachichi. Mwingine aling'oa akaweka ndizi za tishu kalcha, zile za mikungu mikubwa inayopendwa na madalali wa Marikiti. Siwalaumu, karo hailipwi na ndizi ya historia. Likabaki shina moja kando ya kijito, na sasa majani yake yalikuwa yananyauka kuanzia chini, yanavunjika na kuning'inia kama sketi.

Afisa wa kilimo alikuja akakata mgomba mmoja. Ndani kulikuwa na nyuzi za rangi ya kahawia iliyoiva, kama kutu. Kama ingekuwa ule ugonjwa wa bakteria ulioingia Kenya mwaka wa 2006 kutoka upande wa Uganda, kungetoka usaha wa manjano. Hii ilikuwa mnyauko wa Fusarium, kuvu inayoishi ardhini. Na kuvu hii ikishaingia kwenye udongo haitoki. Inakaa miongo. Unaweza kung'oa, uchome, usubiri mtoto wako amalize chuo, upande tena aina ileile, na bado itakuwa inakungoja.

Akili yako pengine inakuambia kile yangu iliniambia: si uweke mbegu mahali? Swali poa. Sasa jiulize, ulishawahi kuona mbegu ya ndizi?

Zile nukta nyeusi ndogo katikati ya ndizi ni mabaki tu ya kile ambacho kingekuwa mbegu. Ndizi za mwituni huko kusini-mashariki mwa Asia zina mbegu ngumu kama changarawe, ukitafuna unavunja jino. Watu wa kale walichagua zile zisizo na mbegu, wakazihamisha kwa machipukizi, kizazi baada ya kizazi. Ndiyo maana unakula ndizi bila kutema kitu. Bei ya raha hiyo ni kwamba mgomba hauna mtoto, una nakala. Mgomba wa shosho ni mgomba uleule wa mama yake. Kuvu ikijua kuuangusha mmoja, imejua kuiangusha yote.

Dunia ilishaonja haya. Ndizi iliyouzwa Ulaya na Marekani hadi miaka ya 1950 ilikuwa Gros Michel, ile ambayo hapa kwetu wengi huiita Kampala. Fusarium ikaimaliza kwenye mashamba makubwa ya Amerika ya Kati, na kufikia miaka ya 1960 makampuni yakahamia Cavendish, ambayo haikusumbuliwa na kuvu ya wakati huo. Sasa kuna aina mpya ya kuvu, wanaiita TR4, na hiyo Cavendish inaangushwa vilevile. Ilithibitishwa Msumbiji mwaka wa 2013, ikafika Mayotte na Kolombia mwaka wa 2019. Msumbiji si mbali, wazee. Ni kupita Tanzania tu.

Pengine umesikia kuhusu lile ghala la mbegu la Svalbard, Norwe, lililofunguliwa mwaka wa 2008, limechimbwa ndani ya mlima wenye barafu. Mahindi, maharagwe, mtama, vyote vimekaushwa na kuwekwa kwenye digrii 18 chini ya sufuri. Ni kitu kizuri. Lakini ndizi haina cha kupeleka huko. Muhogo, kiazi kitamu, nduma na miwa ziko kwenye shida inayofanana na hiyo. Hata kama nyingine zinatoa mbegu, ukipanda mbegu hupati kile ulichokuwa nacho, unapata mtoto mwenye tabia zake. Ukitaka kiazi kitamu kilekile cha nyanya yako, lazima uhifadhi mmea wenyewe, ukiwa hai.

Njia ya zamani ni kuupanda. Unakuwa na shamba, safu hii aina hii, safu ile aina ile. Halafu mvua inakuja, au ugonjwa, au mnyakuzi wa ardhi. Ufilipino walikuwa na benki ya jeni ya kitaifa huko Los Baños. Mwaka wa 2006 kimbunga kiliijaza maji na matope, na mwaka wa 2012, wakiwa bado wanajikusanya, moto ukaikamata. Hiyo ilikuwa nchi yenye wataalamu na bajeti. Shosho alikuwa na kijito na shina moja.

Njia nyingine ndiyo hii ya chupa.

Nilifanya atachimenti kwenye maabara moja ya tishu kalcha, sitaitaja, na nitakuambia sababu baadaye. Niliacha chuo mwaka wa tatu, stori ya karo, tuiache hapo. Lakini ile miezi mitatu ya atachimenti ndiyo kitu pekee cha chuo ninachokikumbuka vizuri.

Kazi inaenda hivi. Unachukua chipukizi la mgomba, lile lenye majani membamba kama panga. Unalichonga kama anayemenya kitunguu, safu baada ya safu, hadi unabaki na kipande cheupe kama cha ugali. Unakiloweka kwenye dawa ya klorini, ileile inayong'arisha shati za shule. Kisha unaingia nacho kwenye kabati linalopuliza hewa iliyochujwa, mikono umeipaka spiriti, kisu umekipitisha kwenye moto, unaendelea kuchonga. Unachotafuta kiko katikati kabisa: ncha ndogo ya ukuaji, meristemu, na majani machanga mawili matatu yaliyoikumbatia. Ukimaliza, kitu ulicho nacho kinatoshana na punje ya mahindi au chini ya hapo. Na hicho ndicho mgomba mzima.

Ukishapata hiyo punje unaiweka kwenye chupa yenye chakula. Ni kama jeli: aga inayotolewa kwenye mwani, sukari, chumvichumvi za madini, vitamini na homoni kidogo. Mapishi yenyewe yaliandikwa mwaka wa 1962 na Toshio Murashige na Folke Skoog, Marekani, waliokuwa wakihangaika na tumbaku. Hadi leo maabara nyingi duniani zinapika jeli hiyo ya tumbaku na kulisha ndizi, viazi na maua. Kila nikifikiria naona kuna aliyestahili kulipwa kama mwanamuziki.

Uzuri wa ile ncha ni kwamba Fusarium kwa kawaida haifiki pale. Kuvu inapanda kwenye mishipa ya maji, na meristemu bado haina mishipa. Kwa hivyo hata mmea ulioshambuliwa unaweza kutoa kipande safi, mradi uchague chipukizi ambalo halijaonyesha dalili. Virusi ni wajanja zaidi, hao wanahitaji kupimwa na wakati mwingine kutibiwa kwa joto au kwa kuchonga kipande kidogo zaidi. Usidhani chupa ikiwa safi machoni basi ni salama.

Ukiweka chupa hiyo kwenye chumba cha digrii 26, taa zikiwaka saa 16 kwa siku, mgomba unafurahi. Unatoa machipukizi, na baada ya wiki nne hadi sita chakula kimekwisha, lazima uukate na kuuhamisha. Hii ndiyo biashara. Chipukizi moja linakuwa manne, manne yanakuwa kumi na sita, na kabla hujajua una maelfu ya miche ya kuuzia wakulima. Hivyo ndivyo ndizi za tishu zilivyosambaa Kenya tangu katikati ya miaka ya 1990, KARI wakishirikiana na ISAAA, na jina la Dkt Florence Wambugu likawa maarufu kwenye kazi hiyo.

Sasa fikiria nia yako si kuuza. Unataka tu mgomba usipotee. Ukiuhamisha kila wiki tano, kwa aina 100 zenye chupa 20 kila moja, utaajiri mtaa mzima. Tena kila mara ukifungua chupa unakaribisha ukungu, unaweza kuchanganya lebo, na mmea wenyewe unaweza kubadilika kidogo. Inatokea. Migomba ya chupani ikizidi kugawanywa, mmoja mmoja hugeuka kibete au majani yake yanatoka ya ajabu, na hutajua hadi uupande shambani.

Hapo ndipo tunarudi kwenye digrii zetu. Unashusha joto hadi digrii 16, ile baridi ya Nairobi ya Julai ambayo kila mtu anavaa hudi. Unapunguza mwanga uwe hafifu. Mgomba unapunguza mwendo. Ulichokuwa ukifanya kila wiki tano sasa unakifanya karibu mara moja kwa mwaka, kutegemea aina. Kuna aina zenye haraka ambazo zinataka kuhamishwa baada ya miezi michache, na kuna zingine zinapitisha mwaka zikiwa zimetulia. Ukishuka chini zaidi umeingia kwenye ile friji yako ya maziwa.

Kila zao lina baridi yake. Kiazi mbatata ni mtoto wa milima ya Andes, kwa hivyo kituo cha kimataifa cha viazi huko Lima, Peru, hukiweka kwenye digrii 6 hadi 8, tena wanaongeza sobitoli kwenye chakula. Hiyo ni sukari ambayo kiazi hakiitumii vizuri, inakifanya kihisi kiu kidogo, kikatulia. Kinakaa hivyo hata miaka miwili. Muhogo hautaki baridi hivyo kabisa, ndiyo maana Kolombia, ambako kuna zaidi ya aina 6,000 za muhogo, wanauweka kwenye joto la kawaida la chumba na kuupunguza mwendo kwa njia nyingine. Hakuna kanuni moja. Ni kama kulea, kila mtoto na lake.

Benki kubwa zaidi ya ndizi duniani, utacheka, iko Ubelgiji. Mji unaitwa Leuven, kwenye chuo kikuu cha KU Leuven, ilianzishwa mwaka wa 1985. Ubelgiji hakuna mgomba hata mmoja shambani, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya pafae: magonjwa ya ndizi hayana pa kukaa nje ya mlango. Kwenye chumba cha digrii 16 kuna zaidi ya aina 1,600 ndani ya vichupa, kila aina ikiwa na nakala kadhaa. Mtu yeyote mwenye sababu ya utafiti au ya kilimo anaweza kuomba, na wameshatuma miche kwa zaidi ya nchi 100. Kila baada ya miaka kama 10 aina inatolewa, inapandwa ardhini kwenye joto, inaangaliwa kama bado ni yenyewe ama imegeuka.

Majirani zetu wa Kagera, Tanzania, wanaijua benki hiyo kwa matumbo yao. Magonjwa na wadudu walipoitesa migomba yao, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 miche ilitoka Leuven ikiwa chupani, ikakuzwa, na machipukizi yakaenda mkono kwa mkono kutoka mkulima hadi mkulima.

Kuna kitu kingine kuhusu kwetu. Wanajenetiki walipotafuta wazazi wa Cavendish, hiyo ndizi ya supamaketi ya dunia nzima, walifika kwenye kundi la ndizi za zamani liitwalo Mlali. Ndizi za kundi hilo zinapatikana Zanzibar, Komoro na Madagaska. Yaani jamaa wa karibu zaidi wa ndizi inayouzwa London wako kwenye shamba la mtu fulani ufukweni, pengine amezipanda tu kwa sababu watoto wanazipenda. Angeng'oa, nani angejua?

Nimekuambia haya yote ukadhani mambo ni mazuri. Sasa nikupe ile ya atachimenti.

Maabara niliyokuwa ilikuwa na chumba kimoja kidogo cha baridi, pembeni, cha kuhifadhi aina za viazi vitamu na ndizi kadhaa. Wikendi moja stima ikapotea. Jenereta haikuwaka, baadaye tukaambiwa dizeli ilikuwa imekwisha tangu Jumatano. Stima iliporudi ilirudi kwa nguvu, ikachoma kompresa ya ile mashine ya kupoza. Jumatatu asubuhi tulipofungua, hewa ya moto ilitupiga usoni.

Kumbuka, mimea haikufa. Hilo ndilo lililotudanganya. Iliamka. Kila mmea mle ndani uliokuwa umepangiwa kuhamishwa kwa zamu, huu Juni, huu Septemba, huu mwaka ujao, ulianza kukua pamoja na wenzake. Ombi la kununua kompresa likazunguka ofisini wiki tatu, sahihi moja baada ya nyingine. Kufikia hapo chupa zilikuwa zimejaa mizizi, majani yamegeuka njano, chakula kimekwisha, na sisi tulikuwa watu wanne wenye makabati mawili ya hewa. Tulichonga hadi usiku. Aina tatu za viazi vitamu tulizikosa kabisa. Kwenye rejista mtu alizipigia mstari kwa kalamu nyekundu na hakuna aliyesema kitu tena. Zilikuwa zimetoka kwa wakulima wa magharibi. Sijui kama hao wakulima bado wanazo. Labda nao walikuwa wakijua ziko salama kwetu.

Mwezi Agosti mwaka wa 2023, stima ilipopotea nchi nzima hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukawa giza, kila mtu kwenye simu alikuwa akicheka na picha za abiria. Mimi nilikuwa nikifikiria vyumba vya baridi.

Ndiyo maana walio makini hawaamini chumba kimoja. Leuven wana hatua ya pili: ile ncha ya mgomba inakaushwa kidogo kwa kemikali za kuizuia isipasuke, kisha inatumbukizwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, digrii 196 chini ya sufuri. Hapo hakuna kusinzia, kila kitu kimesimama, hakuna kuhamisha wala taa. Zaidi ya aina 1,000 zimefika hatua hiyo, na nakala zake ziko nchi nyingine, Montpellier, Ufaransa. Lakini kila aina inachukua kazi nyingi ya mikono kufika huko, na si kila maabara inaweza kulipia nitrojeni mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo chumba cha digrii 16 bado ndicho mlango wa kuingilia na kutokea. Ukitaka mche wa kupanda, unatoka pale.

Na hapa Kenya? Benki yetu ya jeni iko Muguga, tangu mwaka wa 1988, na mali yake kubwa ni mbegu kavu. Pale Muguga pia KEPHIS wana kituo cha karantini kinachosafisha na kutunza vifaa vya kupanda chupani, viazi vitamu vikiwemo. Lakini ukipita kwenye maabara za ndizi za biashara, utapata aina chache zilezile zinazouzika, Grand Nain na Williams mbele. Mimi sioni ubaya wa kuuza. Ninachosema ni kwamba chupa ileile, jeli ileile na kisu kilekile ndivyo vilivyomsaidia anko wangu kung'oa ndizi ya shosho, na ndivyo vilivyokuwa tumaini lake la mwisho. Tofauti ilikuwa digrii kumi na nani analipa.

Nilimpigia aliyekuwa mkubwa wangu wakati wa atachimenti. Siku hizi yuko kwenye maabara nyingine ndogo. Nikamweleza. Akacheka, akauliza, “Hiyo ndizi inaitwaje?” Nikasema haina jina. Akanyamaza kidogo, akaniambia nilete machipukizi sita, yasiyo na dalili, yachongwe hadi yawe saizi ya ngumi, yasiwe na udongo hata chembe, yafungwe mifuko miwili, na nisipitie shamba la mtu.

Tulichimba na binamu yangu Jumamosi alfajiri. Shosho alisimama juu ya ukingo na sweta lake la kijani akituonyesha lipi na lipi, hakukubali tuchague wenyewe. Viatu vyetu na majembe tuliyaosha kwa jiki palepale, kwa sababu tope la shamba lenye Fusarium ukilibeba kwa gumbuti umelibeba hadi kwa jirani.

Kati ya machipukizi sita, mawili yaliota ukungu wiki ya kwanza. Ilikuwa pamba nyeupe, kisha nyeusi, chupa ikatupwa. La tatu na la nne yalionekana poa hadi wiki ya tatu, ndipo utando kama maziwa ukatokea chini ya kipande: bakteria waliokuwa wamejificha ndani. La tano liligeuka jeusi lenyewe. Ndizi ikikatwa hutoa utomvu unaoweza kuiua, unaujua, ni uleule unaoharibu nguo. La sita lilikaa bila kufanya lolote kwa siku 20. Nilikuwa natumiwa picha kwa simu, kila picha ni kipande kilekile cheupe. Kisha picha moja ikaja na doa la kijani.

Kutoka kwa hilo moja sasa kuna chupa nane. Tungeweza kukuza miche tukapanda, na nilitaka hivyo. Shida ni pa kupanda. Udongo wa kando ya kijito umekwisha kwa ndizi hii. Kipande cha anko kimejaa parachichi. Shangazi ana robo ekari Kirinyaga ambayo haijawahi kupandwa ndizi, ila ameikodisha kwa mtu hadi mwisho wa mwaka ujao, na mkataba ni mkataba. Kwa hivyo tunangoja. Chupa nne ziko kwenye chumba cha joto kama akiba, nne ziliingia digrii 16 mwezi wa pili. Nalipia rafu shilingi 500 kila mwezi, ambayo ni kifurushi changu cha data cha wiki mbili, na ndiyo maana siku hizi unaniona Twitter usiku tu.

Nilitafuta pia kwenye hifadhidata ya ndizi za dunia, ile iliyo wazi kwa kila mtu mtandaoni, nikilinganisha picha usiku kucha. Picha za watu wengine, mikungu ya watu wengine. Jina moja linaweza kubeba ndizi tano tofauti, na ndizi moja inaweza kuwa na majina kumi kutoka Nyeri hadi Bukoba. Bila kupima jeni ni kubahatisha. Pengine ndizi ya shosho iko Leuven tangu zamani ikiwa na namba yake na nimejisumbua bure. Ningefurahi sana kujua nimejisumbua bure.

Siku ya kuziingiza kwenye chumba cha baridi, fundi alinipa kalamu niandike lebo. Kuna namba ya maabara, tarehe, na nafasi ya jina la aina. Nikampigia shosho nikamuuliza tuandike nini.

“Hiyo chupa ni kubwa kiasi gani?” akauliza.

Nikamwambia kama ya dawa ya kikohozi.

“Na itazaa lini ikiwa humo?”

Nikamwambia haitazaa ikiwa humo. Itakaa tu. Ikitoka, miezi miwili ya kuzoeshwa kivulini, kisha mwaka na zaidi kabla ya mkungu. Nilimsikia akihesabu kimoyomoyo. Kisha akasema niandike jina la mama yake, na akalitaja herufi kwa herufi, mara mbili, kwa sababu hakuamini kwamba ningeliandika sawa.

Nane zote ziko jengo moja. Nimeuliza kama kuna mahali pengine pa kupeleka mbili, bado natafuta. Zile nne za baridi zinahamishwa tena Februari. Nimeweka kengele kwenye simu ya tarehe hiyo, na nyingine ya kila Ijumaa jioni, ya kumuuliza fundi kama jenereta ina dizeli.